Chui wa Unguja na mashahidi wake

Ukitaka mazungumzo yasiyokwisha katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, uliza habari za chui. Jambiani, Muyuni, Kitogani, Charawe, Ukongoroni, kote huko hukosi mtu wa kukuambia kwamba yupo. Huyu alimwona akikata njia ya shamba baada ya magharibi, mkia mrefu, mwili umeinama, akapotelea kwenye maweni. Yule hakumwona, alimsikia: mkoromo mkavu unaokwenda na kurudi, kama mtu anayekereza mbao gizani. Mwingine aliamka alfajiri akakuta mbuzi wake ameng'atwa kooni, na usiku kucha hakuna mbwa aliyebweka. Wanasimulia kwa utulivu, bila kutia chumvi, na ukiuliza ni wapi hasa, watanyanyuka wakuonyeshe.

Ukirudi mjini, chui huyohuyo yumo katika makumbusho ya Zanzibar. Amekaushwa mwili mzima, na manyoya yamepauka kwa umri mpaka mabaka yake yanataka jicho la kuyatafuta. Ukiacha yeye, ngozi za chui wa Unguja zilizohifadhiwa katika makumbusho za dunia zinahesabika kwa vidole.

Baina ya mnyama wa makumbusho na yule wa masimulizi pana swali ambalo Wazanzibari wanalo kwa zaidi ya miaka 30 sasa: chui wa Unguja yupo, au ameshatoweka? Wengi wa wataalamu wa wanyamapori wanasema ametoweka, au kama wamebaki basi ni wachache mno. Wanakijiji wengi wanasema yupo. Nionavyo mimi, hatuwezi kulijibu swali hilo mpaka tukumbuke kilichommaliza mnyama huyu. Mikuki na bunduki zilifanya kazi yake, lakini nyuma yake ilikuwapo imani kwamba kila chui ana mwenyewe. Na imani hiyohiyo ndiyo inayotufanya leo tushindwe kukubali kwamba huenda hayupo.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama wa London, Reginald Pocock, alieleza kitaalamu ngozi ya chui iliyotoka Unguja na kumpa jina la Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar wakati wa ukoloni. Ni Aders huyohuyo ambaye paa nunga anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya sayansi. Kilichomvutia Pocock ni mabaka. Chui wa bara ana madoa makubwa yaliyojipanga kwa duara, mfano wa maua; wa Unguja madoa yake ni madogo, yamekatikakatika na kusongamana, kiasi kwamba ngozi yake huwezi kuichanganya na ya chui wa Serengeti. Na mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa ndugu zake wa ng'ambo.

Tofauti hiyo ililetwa na bahari. Zamani Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mifupa ya wanyama wa mbuga kama pundamilia na nyati. Zama za barafu zilipokwisha, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, maji yalipanda yakaikata nchi hii ikawa kisiwa. Pundamilia na nyati hawakudumu. Chui alidumu. Hapakuwa na simba wa kushindana naye wala fisi wa kumnyang'anya windo, na msituni walikuwamo paa, kima, perere na nguruwe mwitu. Wataalamu wa siku hizi, wakitumia vinasaba, huwaweka chui wote wa Afrika katika kundi moja, na jina la adersi limebaki zaidi katika maandishi ya zamani. Hilo halimpunguzii chui huyu kitu. Aliishi peke yake kisiwani kwa maelfu ya miaka na akawa na sura yake mwenyewe.

Karne ya 20 ilipoingia, watu waliongezeka, mashamba yakasogea ndani ya misitu, na chui akasogea kwenye mabanda. Alichukua mbuzi, alichukua kuku na mbwa, na mara nyingine alishambulia watu. Mtu wa shamba aliyepoteza mbuzi watatu kwa mwezi mmoja hakuhitaji kuambiwa na yeyote kwamba chui ni adui. Uadui wa namna hiyo uko kila mahali penye chui na mifugo, kuanzia Ngorongoro mpaka milima ya India. Lakini Unguja palikuwa na jambo la ziada.

Martin Walsh na Helle Goldman, watafiti waliokaa na watu wa Unguja na kuandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1990, walikuta kwamba wanakijiji wanawagawa chui katika mafungu mawili: chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Wa kufugwa ana mwenyewe, na mwenyewe ni mchawi. Anaweza kumrithi kwa mzazi au kumpata kwa mchawi mwenziwe. Humlisha kwa siri, humfundisha, na humtuma: kamchukulie mbuzi wa fulani, kamtishe fulani, kamdhuru mtoto wa fulani. Kwa hiyo mbuzi akiliwa, mtu hajiulizi chui ametoka msitu gani. Anajiuliza ni chui wa nani.

Siwacheki wazee wetu kwa hilo, na yeyote anayewacheka hajafikiri vya kutosha. Chui ni mnyama wa usiku, anatembea peke yake, anaonekana mara moja kwa miaka, halafu anatokea uani kwa mtu ambaye jana yake amegombana na jirani kwa mpaka wa shamba. Anachukua mbuzi mmoja katikati ya kumi na hagusi wengine. Anapita kijijini bila mbwa kubweka. Mtu anayeishi na mnyama wa namna hiyo ana haki ya kutafuta maana ya matendo yake, na maana aliyoipata ilimweka chui ndani ya husuda na magomvi ya watu, mahali ambapo hakuwa na wa kumtetea.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Katika miaka iliyofuata alitokea mtu aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ambaye mpaka leo wazee wanamkumbuka kuliko mganga mwingine yeyote wa kufichua wachawi katika kisiwa hiki. Kampeni yake ilikuwa na shabaha mbili zilizofanywa moja: kuwaumbua wachawi na kuwaua chui. Aliyeshukiwa kuwa mfugaji alihesabiwa kuwa ndiye chanzo cha maafa ya kijiji, na chui aliyeonekana alifuatwa mpaka afe. Baada ya kampeni hiyo chui alihesabiwa katika wanyama waharibifu pamoja na nguruwe mwitu, na wasasi, kwa mbwa, nyavu, mikuki na bunduki, waliendelea kumsaka.

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo zima. Katika fikra za wakati ule, kumuua chui kulikuwa ni kumpokonya mchawi silaha. Hakuna aliyeuliza wamebaki wangapi, kwa sababu swali hilo huulizwa juu ya wanyama wa mwituni. Chui wa kufugwa hamaliziki maadamu wafugaji wapo: akiuawa huyu, mwenyewe ataleta mwingine. Watu waliendelea kumuua mnyama waliyeamini kwamba hawezi kwisha. Kwa uoni wangu hakuna sheria ya wanyamapori, hata ikiandikwa vizuri namna gani, ambayo ingeweza kumlinda chui mbele ya imani ya aina hiyo.

Mara ya mwisho kwa mtafiti kusema amemwona ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Takwimu za serikali za usasi ziliendelea kutaja chui waliouawa hadi katikati ya miaka ya 1990. Wakati huohuo, mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, uliokuwa ukiungwa mkono na shirika la CARE, ulipendekeza mpango maalumu wa kumhifadhi chui. Mwaka 1997 mpango huo uliachwa. Watafiti waliotafuta ndani na pembezoni mwa msitu wa Jozani hawakupata dalili yoyote ya kuwa bado yumo.

Msitu wenyewe ni mdogo. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na ambayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar, ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 50 tu. Ndani yake mna msitu wa mitondoo na michikichi unaosimama katika maji wakati wa masika, mikoko upande wa ghuba, na vichaka vya maweni ambavyo mtu akiingia bila viatu vigumu hatoki na nyayo nzima. Nje ya hifadhi vichaka hivyo vinaendelea kuelekea kusini na mashariki, vikikatwa kuni, vikichomwa makaa, na siku hizi vikigawanywa viwanja. Ni pazuri pa kujificha kwa mnyama mmoja. Kwa ukoo mzima wa chui, vizazi baada ya vizazi, ni padogo.

Tujiulize basi, je, waliotafuta walitafuta sawasawa? Mapema miaka ya 2000, Goldman na Jon Winther-Hansen walifunga kamera za kujipiga katika msitu wa Jozani. Chombo chenyewe ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye shina la mti, chini chini, penye njia ya wanyama. Ndani yake kuna kihisio: kikipitiwa na kitu chenye joto kinachotembea, kamera inapiga. Haichoki, hailali, na haiogopi giza. Kamera hizo zilileta mambo makubwa. Zilimpata, kwa mara ya kwanza akiwa hai, kanu wa Unguja, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia wa mistari ambaye sayansi ilimtambua miaka michache tu kabla na ambaye watu wa jirani na Jozani wanamwita uchui. Ziliwapata pia ngawa na nguchiro. Chui hakupita mbele ya kamera hata mara moja.

Uchui na ngawa tusiwapite haraka, maana wanahusika na ushahidi wa watu wengi. Ngawa aliyekomaa ni mkubwa, mwili mrefu, madoa meusi, na hutembea kichwa ameinamisha. Mulika tochi kwenye kichaka, uone macho yanawaka na ubavu wenye madoa kwa nukta mbili, na hakuna kitu cha kupimia ukubwa wake. Moyo unakwenda mbio. Utakaporudi nyumbani umeona nini? Mtu mkweli kabisa anaweza kusema chui na asiwe amesema uongo. Wapo wakata kuni na wasasi wa zamani ambao hawawezi kukosea hivyo, na maneno yao yana uzito kwangu. Lakini hata wao wanajua kwamba jicho la usiku halitoshi.

Mwaka 2018 ilionekana kama jibu limepatikana. Mmarekani Forrest Galante, mwenye kipindi cha televisheni kinachotafuta wanyama waliodhaniwa kutoweka, alikuja Unguja na timu yake, akaweka kamera, na akatangaza kwamba mojawapo imempiga chui usiku. Habari ilizunguka dunia. Video ilikuwa fupi, ya gizani, ikionyesha mnyama wa jamii ya paka mwenye umbo la chui. Wapo walioamini, na wapo waliotaka zaidi: manyoya, kinyesi, picha ya pili, mahali pa uhakika. Video ile peke yake haikuwamaliza kiu wataalamu, na wengine walibaki na shaka zao.

Nakumbuka namna habari ile ilivyopokelewa kwetu. Waliokuwa wakisema yupo walisema tuliwaambia. Lakini walichokuwa wakikisema miaka yote ni kwamba yupo kwa wenyewe, kwenye mabanda ya siri, na kamera ya msituni haiwezi kuthibitisha jambo hilo. Watafiti na watalii wameshaahidiwa mara kwa mara, kwa malipo, kuonyeshwa chui wa kufugwa. Hakuna ahadi iliyoishia kwa chui kuonyeshwa. Kila mara palikuwa na sababu: leo hayupo, mwenyewe amesafiri, amehamishwa. Na hapo imani inajilinda yenyewe, kwa sababu chui asiyeonekana anakuwa ushahidi wa ustadi wa mwenyewe katika kumficha.

Linganisha na mambo yaliyotokea kwingine. Huko Laikipia, Kenya, wenyeji walikuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba kuna chui mweusi. Watu wa nje wengi walichukulia kama hadithi za moto wa jioni. Mwaka 2018 watafiti walifunga kamera katika eneo la Loisaba, na mwanzoni mwa 2019 picha zake zikatolewa, pamoja na zile za mpigapicha Will Burrard-Lucas, za chui mweusi tii anayetembea usiku. Katika video za karibu, madoa yalionekana chini ya weusi wake. Maneno ya wenyeji yalikuwa kweli, na yalithibitika katika muda usio mrefu baada ya vifaa kuwekwa.

Au angalia msitu wa Boni, kaskazini ya Lamu. Kwa muda mrefu paa nunga alidhaniwa kwamba amebaki hasa Unguja na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na wachache tu. Kamera zilipowekwa Boni na Dodori zilimkuta kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Misitu huficha, nakubali. Lakini misitu yenye wanyama, ikiwekewa kamera za kutosha na muda wa kutosha, haifichi daima.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka kisiwa kingine. Chui milia wa Java, Indonesia, alishatangazwa kuwa ametoweka na shirika la uhifadhi la IUCN mwaka 2008. Mwaka 2019 mkazi wa magharibi ya Java alisema amemwona akiruka ua. Waliokwenda kuangalia walikuta unywele mmoja umenasa kwenye ua ule. Unywele ukachukuliwa, ukapelekwa maabara, ukalinganishwa na ngozi ya chui milia wa Java iliyohifadhiwa katika makumbusho tangu mwaka 1930. Mwaka 2024 matokeo yalichapishwa katika jarida la Oryx, yakisema unaelekea kuwa wa mnyama yuleyule. Wanasayansi wengine walipinga, wakasema vipimo vile havitoshi, na ubishi haujakwisha. Hata hivyo ni ubishi wa kuheshimika, juu ya kitu kinachoshikika na kupimika. Mtu aliona, akasema, watu wakaenda, na kitu kikaokotwa.

Kwetu kitu hicho hakijaokotwa, na umri wa chui mwenyewe unazidi kutubana. Chui wa mwituni akijaliwa sana huishi miaka 10 hadi 15. Chui aliyekuwa mtoto mwaka 1995, wakati takwimu za usasi bado zinataja chui waliouawa, ameshakufa kwa uzee zamani. Ikiwa leo yuko mmoja, basi alizaliwa na wawili waliokutana baada ya hapo, na hao nao walizaliwa na wengine. Hivyo anayesema ameona chui mmoja mwaka huu anasema, atake asitake, kwamba kwa miaka 30 madume na majike wamekuwa wakikutana, wakizaa, wakilea watoto wawili watatu, wakiua paa na mbuzi kila wiki, wakikwaruza miti, wakiacha kinyesi njiani na mizoga juu ya matawi. Haya yote katika kisiwa chenye watu wanaopita kila kichaka kutafuta kuni. Wanyama wa namna hiyo huacha alama nyingi.

Kwa haya yote, mimi naamini kwamba chui wa Unguja ametoweka, na nasema hivyo kwa huzuni. Lakini sitaki neno hilo litumike kufunga kesi, kwa sababu gharama ya kukosea ni kubwa. Ikiwa yupo mmoja au wawili, kila mwezi una thamani. Na kama hayupo, bado tunapaswa kujua lini na namna gani, maana wenziwe wa msitu ule wapo na wanategemea tutakachojifunza. Kima punju, ambao hesabu iliyofanywa na shirika la WCS iliwakuta zaidi ya 5,800, asili yao ni Unguja tu na si mahali pengine popote duniani. Nao walikuwa wakigongwa na magari katika barabara inayokatiza Jozani mpaka yakajengwa matuta. Paa nunga bado anasakwa kwa mbwa na nyavu, mbinu zilezile. Wawili hawa hawahusishwi na uchawi, na hiyo ni bahati yao.

Kwa hiyo yanayowezekana yafanywe. Anayeona mnyama anayemdhania chui asiondoke na hadithi tu. Arudi mchana, atazame ardhi. Unyayo wa chui ni wa mviringo, vidole vinne, bila alama za kucha, kwa sababu kucha zake amezificha. Wa mbwa kucha huonekana. Kisigino cha unyayo wa chui upande wa nyuma kina mikunjo mitatu. Ukiupata, weka sarafu kando yake ndipo upige picha, ili anayetazama ajue ukubwa. Unywele ulionasa kwenye mwiba au seng'enge usiushike kwa vidole. Utwae kwa kibano au kijiti, uutie katika bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki, maana plastiki huhifadhi unyevu na unyevu huharibu vinasaba. Kinyesi chenye manyoya ndani yake ni mali kubwa. Mbuzi aliyeuawa asizikwe kabla hajatazamwa alama za meno. Na habari ifike kwa sheha na kwa watu wa misitu siku hiyohiyo, kabla mvua haijanyesha. Nao watu wa misitu, wakiitwa, waende. Mwanakijiji aliyetoa habari mara mbili na asifikiwe na mtu hatatoa ya tatu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauko msituni kabisa. Waliokuwa vijana wakati wa kampeni ya Kitanzi, waliokwenda na mbwa na nyavu, sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Wanajua chui waliuawa wapi, wangapi, madume au majike, wakubwa au watoto. Wanajua ni vijiji gani walikwisha mapema na vipi walidumu. Habari hizo zikiandikwa kwa mpangilio, kijiji kwa kijiji, zingeonyesha kuporomoka kwa mnyama huyu mwaka hadi mwaka, na zingetuambia ni kona gani ya Unguja ilikuwa ya mwisho kuwa na chui. Huko ndiko kamera zingepaswa kwenda kwanza.

Na huenda baadhi ya nyumba zina zaidi ya kumbukumbu: kipande cha ngozi, jino, kucha iliyotiwa fedha na kuvishwa mtoto. Kipande kama hicho, hata kikiwa kikavu na kimeliwa na wadudu, kinaweza kutoa vinasaba, na ngozi tulizonazo katika makumbusho ni chache mno. Lakini nani atakitoa? Aliyenacho anajua jirani atasema nini: kumbe huyu ndiye mfugaji. Hofu ile iliyomfanya baba yake amuue chui ndiyo inayomfanya yeye aufiche ushahidi kwamba chui alikuwapo. Serikali, kupitia makumbusho na idara ya misitu, inaweza kulitatua hilo kwa tangazo moja linaloeleweka: anayeleta kitu cha kale cha chui hataulizwa alikipataje, hatashitakiwa, na jina lake halitatajwa. Masheha wapewe jukumu la kupokea, na muda uwekwe, miezi sita au mwaka, wakati wazee hao bado wapo wa kusema kipande hicho kilitoka kwa chui gani, na aliuawa wapi.